Sahani Iliyonukia Udongo

Kazini walimwita Msafi, na jina hilo hakulipata kwa upendeleo. Meza yake ya maabara aliifuta kabla ya kukaa, akaifuta akishakaa, na jioni akiondoka aliifuta tena, utadhani kuna mgeni wa heshima anakuja kulala juu yake. Koti lake jeupe lilikuwa jeupe kweli, si ule weupe wa kusingiziwa wa makoti ya wenzake. Hao wenzake walikuwa na utani wao: kwamba hata bakteria wakifika chumbani kwa Msafi hujifuta miguu mlangoni kwanza. Yeye alicheka pamoja nao, lakini kimoyomoyo alivimba kichwa. Kazi yake ilikuwa kuotesha vijidudu kwenye sahani ili daktari ajue mgonjwa anaumwa nini, na katika kazi hiyo mtu mchafu ni balaa. Ukipitisha mkono ovyo juu ya sahani, kitakachoota si ugonjwa wa mgonjwa bali ni vumbi la dirishani, na daktari ataandika dawa ya kutibu vumbi.

Aliyemfundisha usafi ni dada yake, na hapo ndipo penye kichekesho, kama kuna mtu ana moyo wa kucheka. Maana dada mwenyewe maisha yake yote yalikuwa udongo mtupu. Aliuza miche. Nyuma ya nyumba yake alichekecha udongo mkavu, akauchanganya na samadi, akaujaza kwenye vifuko vyeusi vya nailoni, akapanda miti ya matunda, ya kivuli na ya maua, akaipanga kwa safu mpaka njia ya kwenda chooni ikawa ya kupita upande upande. Kucha zake hazikuwahi kuonekana rangi yake halisi. Mama yao alipofariki, Msafi alikuwa hajajua hata kufunga kamba za viatu, na dada, msichana tu wa kucheza na wenzake, akageuka mama. Alimsugua mdogo wake shingo na masikio kwa sabuni ya kufulia mpaka akalia. Mtoto akitaka kusaidia kujaza vifuko, dada alimfukuza.

"Wewe udongo hutaushika," alikuwa akimwambia. "Wa kuushika nipo mimi."

Na ikawa hivyo. Miche ndiyo iliyomlisha, ikamvisha, ikampeleka chuo cha maabara. Siku aliyovaa koti jeupe mara ya kwanza, dada alikataa kumkumbatia, akasimama mbali na mikono yake nyuma ili asimchafue. Msafi aliikumbuka siku hiyo kama siku ya furaha. Mimi naona alipaswa kumvuta akamkumbatia kwa nguvu, koti lichafuke litakavyo, lakini ndiyo hivyo, hakumvuta.

Mambo yalianza na maungo. Vidole vya dada vilivimba, vifundo vikawaka moto, asubuhi hawezi hata kushika kikombe. Alikwenda kwenye hospitali ile ile aliyofanyia kazi mdogo wake, akapokewa na daktari wa kike, mtu wa maneno machache, ambaye alimwandikia vidonge vya kutuliza uvimbe, ile prednisoloni. Alimwonya pia. Alisema vidonge hivyo hutuliza maumivu kwa kuulaza ulinzi wa mwili, na ulinzi ukilala mwizi yeyote anaingia, kwa hiyo akiona homa au kikohozi asikae nyumbani. Dada aliitikia. Vidonge vikafanya kazi. Mikono ikarudi, chekecheo likarudi, hata uso ukajaa, majirani wakamtania kwamba amepata mchumba anayejua kulisha. Alikuwa na raha miezi ile. Aliimba akichekecha, na vumbi likipanda yeye yumo katikati yake.

Kisha kikohozi kikaja. Kikavu kwanza, halafu chenye makohozi mazito. Jioni homa, usiku jasho la kulowesha shuka. Alianza kukonda, ule uso wa kujaa ukabaki lakini mwili chini yake ukapukutika. Picha ya eksirei ilionyesha madoa kwenye pafu na tundu katikati ya doa moja. Kila aliyeiona alifikiria kifua kikuu, na mtu asilaumiwe kwa hilo, kwa sababu picha ilifanana. Makohozi yakaingizwa kwenye mashine ya kupimia kifua kikuu, mashine ikasema hakuna. Yakapakwa kwenye kioo, yakapigwa rangi, hakuna. Daktari hakuridhika.

"Nioteshee," alimwambia Msafi. "Sitafuti kifua kikuu peke yake. Mtu huyu anameza prednisoloni, anaweza kupata chochote."

Msafi angeweza kumpa mwenzake kazi ile, maana kumpima ndugu yako si jambo jema. Hakumpa. Hakuiamini mikono ya mtu mwingine kwa makohozi ya dada yake. Aliipaka sampuli kwenye sahani taratibu, akaifunika, akaiweka kwenye kabati la joto.

Pale maabara kulikuwa na kanuni. Sahani zinakaa kabatini siku tatu, isiyoota kitu inatupwa. Kabati lilikuwa dogo na wagonjwa hawakomi kuja, na vijidudu vingi vinavyoumiza watu huota upesi, kwa hiyo kanuni ilikuwa na akili yake. Msafi ndiye aliyeisimamia kuliko wote. Lakini wiki hiyo wafanyakazi wote wa maabara waliitwa kwenye mafunzo mjini, na sahani zikapitiliza muda wake. Aliporudi alikuta kabati limejaa, akanuna, akaanza kuzitoa moja moja kwenda kuzitupa.

Ya dada yake ilikuwa imeota.

Vilikuwa vidoa vidogo, vyeupe, vikavu, vimekunjamana, kama mtu amenyunyiza chokaa. Alipovigusa kwa kijiti cha waya vilikuwa vimeng'ang'ania, havitoki. Na alipofunua kifuniko, harufu ikampanda puani. Ilikuwa harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Msafi aliijua harufu ile kabla hajajua kusoma. Ilikuwa uani kwa dada, ilikuwa nguo za dada, kitanda alicholala na dada akiwa mdogo. Alijikuta anacheka peke yake. Dada bwana! Hata makohozi yake yanaota shamba!

Kisha kicheko kikamkauka, akageuka kutazama kama kuna mwenzake aliyeona. Hakuna aliyeona. Akaamua papo hapo kwamba dada ameshika kopo la makohozi na mikono ya udongo, na kwamba yeye Msafi, kati ya watu wote, amepelekewa na ndugu yake mwenyewe sampuli chafu. Aliitia sahani kwenye mfuko wa taka, akaupeleka mfuko kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, na kwenye majibu akaandika kwamba sampuli imechafuka, iletwe nyingine.

Yangekuwa mambo ya muda mfupi tu kupaka vile vidoa kwenye kioo na kuvipiga rangi. Rangi zilikuwa rafuni. Darubini ilikuwa pale pale mbele yake, imefutwa inang'aa. Angekuwa mgonjwa asiyemjua, mtu wa mbali asiye na harufu yoyote kichwani mwake, huenda angejiuliza. Lakini huyu alimjua mno.

Jioni alipitia kwa dada yake. Alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anang'oa majani kwenye vifuko, anakohoa katikati. Binti yake alikuwa karibu anamwagilia.

"Dada, lile kopo ulilishika na mikono gani?"

"Mikono yangu. Kwani ninayo mingine?"

"Sitanii. Umetoka kwenye miche ukashika kopo, siyo? Sahani yangu imejaa udongo."

"Mjomba, mama alinawa," binti aliingilia. "Mimi mwenyewe nilimmwagia maji."

"Basi hakunawa vizuri. Umenitia aibu mbele ya wenzangu, dada."

Huo ulikuwa uongo, wenzake hawakuwa na habari. Aliusema ili neno lake liwe na uzito, kama watu wengi wanavyosema uongo mdogo wakiwa na hasira, na hata dakika ileile alikuwa anajiona ana haki. Dada aliacha kung'oa majani. Aligeuza viganja vyake akavitazama.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Sikujua kama udongo wangu unafika mpaka huko kazini kwako."

Asubuhi yake hakugusa mche hata mmoja. Alisugua mikono kwa brashi ya kufulia mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Alisukutua kwa maji ya chumvi, halafu akasukutua kwa ile dawa kali ya kusafishia vidonda, akasukutua tena. Alipotema kwenye kopo hakutema zaidi ya mate na dawa. Kopo lenyewe alilifuta kwa kitambaa kipya, akalibeba kwa ncha za vidole hadi hospitali.

Sampuli hiyo haikuota kitu. Siku ya tatu Msafi aliitazama sahani, safi kama alivyotaka, akaitupa. Alifurahi hata akampigia dada simu kumsifu.

Daktari alibaki na picha mbaya mkononi na majibu matupu, na mgonjwa anaisha mbele ya macho yake. Alimwanzishia dawa za kifua kikuu, kama madaktari wengi wanavyofanya wakibanwa ukutani. Mwanzoni ilionekana kama kuna nafuu. Homa ilishuka kidogo, dada akala, binti akaanza kupanga mipango ya msimu wa miche. Nafuu hiyo ilikuwa ya kuwachezea tu. Baada ya hapo homa ilirudi na nguvu mpya, na kikohozi kikaja na damu. Kliniki wakamuuliza kama anaruka vidonge. Msafi naye akamuuliza, na si kwa upole.

Mtu mwingine angegomba. Dada yule wa zamani, aliyewafukuza wateja wajanja kwa fagio, angegomba mpaka kliniki ihame. Lakini tangu siku ya kopo kitu kilikuwa kimevunjika ndani yake. Aliamini kwamba kosa liko mikononi mwake, chochote anachokishika kinaharibika.

"Labda nameza vibaya," alisema tu.

Kisha asubuhi moja kifuko kikamdondoka. Akakiokota, kikadondoka tena. Mkono wa kulia ulikuwa haumsikii. Alilalamikia kichwa kwa siku kadhaa, akaanza kuita mchungwa kwa jina la binti yake na binti kwa jina la marehemu mama. Msafi aliambiwa, akasema ni uchovu wa dawa. Mwisho dada alianguka kifafa katikati ya safu za miche, akapigapiga miguu mpaka vifuko vikapasuka, na binti alimkuta amelala udongoni povu mdomoni.

Hospitali ya rufaa walimpiga picha ya kichwa. Kulikuwa na majipu matatu kwenye ubongo. Daktari wa upasuaji alitoboa, akanyonya usaha wa lile kubwa, usaha ukapelekwa maabara. Na kwa kuwa habari za watu wa kazi moja husambaa, mkuu wa maabara ile, mama mtu mzima aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alipata kujua kwamba ndugu wa mgonjwa ni mwenzao. Akamtuma mtu amwite.

"Njoo uone, mwenzangu," alisema, akampisha kwenye darubini.

Msafi aliinama. Aliona nyuzi nyembamba sana, zina matawi, rangi imezishika vipande vipande kama shanga zilizotungwa. Kichwani mwake likaja neno moja tu, mizizi. Ndivyo ilivyoonekana mizizi midogo ya mche ukipasua kifuko.

"Ni Nokadia, bakteria mjanja," mama yule alisema. "Anatupiga chenga sana huyu. Kwenye picha anajifanya kifua kikuu. Mashine ya kifua kikuu haimjui. Ukimpiga rangi ukamwosha na asidi kali ya kawaida, anaachia rangi, unasema hakuna kitu. Ukimwosha na asidi hafifu, anaishikilia. Na ni mvivu wa kuota. Lazima daktari akwambie unamtafuta, uziache sahani wiki mbili, hata tatu. Sisi tunazitupa siku ya tatu, basi yeye anatucheka."

Msafi hakuinua macho.

"Anaishi udongoni," mama aliendelea. "Sote tunamvuta na vumbi kila siku, hatuna habari naye. Lakini ulinzi wa mwili ukishalazwa na dawa, anakaa kwenye pafu, halafu anapanda kichwani. Sahani yake ukiifunua inanukia udongo wa mvua. Usijaribu kunusa, ni hatari. Mimi nilinusa ujanani, kwa ujinga." Akamgeukia Msafi. "Kule kwenu makohozi yake hayakuota kitu?"

Msafi aliinuka kwenye darubini. Angeweza kusema hapana. Sahani ilishayeyuka kwenye mvuke zamani, na majibu aliyaandika yeye.

"Yaliota," alisema. "Nikadhani ni mikono yake."

Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti, akaivaa.

"Wengi tunazitupa," alisema. "Hata mimi nimezitupa."

Ilikuwa huruma, na ilimchoma kuliko tusi. Za kwake huyu mama zilikuwa za watu asiowajua. Yeye aliitupa ya mtu aliyemfundisha kunawa.

Dawa yenyewe haikuwa ya kutafutwa ng'ambo. Ilikuwa kotrimoksazoli, vidonge vile vinene vyeupe ambavyo kila duka la dawa linavyo, na kwenye duka la hospitali yao vilijaa mikebe, Msafi akivipita kila asubuhi akienda kufuta meza. Walimpa dada kwa wingi, wakaongeza sindano na dripu, wakaanza kupunguza prednisoloni pole pole. Pafu liliitikia kidogo. Kichwa hakikuitikia. Majipu mengine mawili yalikuwa mahali ambapo kisu hakifiki. Daktari alimwambia Msafi kwamba wanajaribu, na Msafi, mtu wa hospitali, alijua neno hilo lina maana gani likisemwa na daktari ambaye hakuangalii usoni. Angewahi, alijiambia. Siku ile ya kucheka peke yake angeipiga rangi sahani, dada angekuwa uani sasa hivi anawafukuza wateja. Alijiambia hivyo ngazini, kwenye foleni ya chakula, akiwa anasukutua mdomo. Hakuna aliyemuuliza wala kumshtaki. Binti mwenyewe alimwamkia tu kila siku, "Shikamoo mjomba," akamletea kiti.

Wiki ya mwisho alikuja moja kwa moja kutoka kazini, saa ya kuona wagonjwa, hakukumbuka kuvua koti. Dada alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdomo umepinda upande mmoja. Alikuwa amekonda hadi bangili ya plastiki ya hospitali ilimfika kiwikoni. Binti alikuwa amemletea beseni la maji na sabuni ili amfute uso. Dada alipoliona lile koti jeupe limesimama mlangoni, alishtuka. Aliuvuta mkono wa kulia, ule uliokufa, kwa mkono wa kushoto, akautumbukiza kwenye beseni, akaanza kuusugua.

"Nimenawa," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Nimenawa, mdogo wangu."

Msafi alipiga magoti kando ya kitanda, sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika.

"Dada, haukuwa uchafu. Nisikilize. Ulikuwa ugonjwa wako. Uliniletea ugonjwa wako mkononi, nikaijua harufu yake, nikautupa. Mikono yako haikuwa na kosa. Kosa ni langu."

Dada alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Alipomaliza, akaendelea kusugua, kucha moja baada ya nyingine.

"Safari hii na kucha," alisema. "Wasije wakakucheka huko kazini."

Binti aligeukia dirisha. Msafi aliutoa ule mkono majini, mzito, baridi, akaushika kwa mikono yake miwili. Akauweka puani. Tangu azaliwe hakuwahi kuunusa mkono ule ukakosa udongo. Akatafuta katikati ya vidole, akatafuta chini ya kucha. Ulinukia sabuni ya hospitali, basi.

"Uko safi?" dada aliuliza.

"Uko safi, dada," alisema.